Elementi na Nodi za Matini: Mwanaisimu Mbele ya Mti wa Ukurasa wa Wavuti

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kufafanua tofauti iliyopo baina ya dhana mbili zinazotumika katika kuushughulikia ukurasa wa wavuti kwa programu, yaani elementi na nodi ya matini. Huenda msomaji akajiuliza dhana hizi zina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili. Uhusiano upo, na ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Majarida, kamusi, faharasa na mikusanyiko ya tungo zetu inazidi kuhamia kwenye wavuti, na wanaopewa jukumu la kuihamisha aghalabu ni wanafunzi wa lugha wala si wahandisi wa kompyuta. Isitoshe, mwanafunzi wa sintaksia anayeweza kuichanganua sentensi kwa njia ya matawi amekwisha kupata nusu ya maarifa anayoyahitaji. Nusu iliyobakia ndiyo inayotuponza.

Mwandishi wa makala haya aliponzeka mwenyewe. Alikabidhiwa mkusanyiko wa makala za wanafunzi zilizokuwa tayari katika umbo la kurasa za wavuti, naye mhariri akamwagiza jambo lililoonekana jepesi: kila palipoandikwa "kiswahili" kwa herufi ndogo, na maana ikiwa ni lugha, paandikwe "Kiswahili". Msimbo wa mstari mmoja ulitosha, au hivyo ndivyo alivyodhani. Jioni ile herufi kubwa zilikuwa mahali pake katika kurasa zote. Siku ya pili ikabainika kwamba maneno yote ya mfano, ambayo wanaisimu huyaandika kwa italiki ili kuyatenga na maneno ya maelezo, yalikuwa yamegeuka maandishi ya kawaida. Sentensi iliyoeleza kwamba viambishi "na" na "me" hudokeza hali tofauti, ambayo haikuwa na alama za mtajo kwa kuwa italiki zilitosha, sasa ilisomeka hivi: viambishi na na me hudokeza hali tofauti. Msahihishaji aliyefuata akaifuta "na" moja akidhani imerudiwa kimakosa. Hoja nzima ya mwanafunzi ikapotea kwa herufi mbili.

Kosa halikuwa la msahihishaji. Lilitokana na mwandishi kutoelewa kwamba maandishi yaliyomo katika ukurasa si mali ya elementi kama rangi ilivyo mali ya nguo. Maandishi ni nodi, na nodi hiyo ina mahali pake katika mti.

Mti wa sentensi na mti wa ukurasa

Mwenye kuandika ukurasa wa wavuti huandika mfuatano wa herufi uliochanganywa na lebo za lugha ya HTML. Kivinjari kinapoupokea mfuatano huo hukisoma kila kipashio na kujenga mti katika kumbukumbu ya kompyuta. Mti huo ndio unaojulikana kwa ufupisho wa DOM. Programu iliyoandikwa kwa JavaScript haiugusi mfuatano wa awali. Inaugusa mti, na kivinjari huonyesha kwenye skrini kile kinachopatikana katika mti. Muungano unaosimamia viwango vya wavuti, W3C, uliidhinisha kiwango cha kwanza cha DOM tarehe 1 Oktoba 1998. Siku hizi kiwango hicho hutunzwa na kundi liitwalo WHATWG, na kimepanuliwa sana, lakini mgawanyo wa nodi tunaouzungumzia hapa umebaki vilevile.

Tuchukue sentensi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya amewahi kuichanganua, hii au ndugu yake:

Mtoto mdogo analia.

Kwa njia ya matawi tungekuwa na S juu kabisa, kisha KN na KT chini yake. KN ingezaa N na V, KT ingezaa T, na chini kabisa yangekuja maneno yenyewe: mtoto, mdogo, analia. Ikumbukwe kwamba alama S, KN, KT, N, V na T si maneno. Hakuna anayezitamka. Ni majina ya kategoria yanayotuonyesha jinsi maneno yalivyopangika, na maneno hukaa kwenye ncha za matawi ambako mti haupanuki tena.

Sasa tuiandike sentensi iyo hiyo kama aya ya ukurasa wa wavuti, tukitaka kivumishi kionekane kwa italiki:

<p>Mtoto <em>mdogo</em> analia.</p>

Je, elementi p ina wana wangapi? Jibu ambalo mwandishi wa makala haya amelisikia mara nyingi zaidi ni kwamba ana mwana mmoja, em, na kwamba "Mtoto" na "analia" ni maandishi "ya" p. Jibu hilo ndilo chanzo cha masaibu yote. Jibu sahihi ni watatu. Mwana wa kwanza ni nodi ya matini yenye herufi za "Mtoto" pamoja na nafasi inayofuata. Mwana wa pili ni elementi em. Mwana wa tatu ni nodi ya matini inayoanza kwa nafasi na kuishia kwa nukta. Nalo neno "mdogo" si mwana wa p hata kidogo. Ni mjukuu wake, kwa maana ni nodi ya matini iliyo chini ya em. Kwa jumla, basi, mti huu mdogo una nodi tano: elementi mbili na nodi za matini tatu.

Elementi ni sawa na kategoria zetu za sintaksia: ina jina, inaweza kuwa na sifa, inaweza kuzaa. Nodi ya matini ni sawa na neno lililo kwenye ncha: ina herufi tu. Haina sifa, haina mtindo wala rangi, na haiwezi kuzaa. Anayetaka kuipaka rangi sehemu ya maandishi hana budi kuiundia elementi ya kuifunika, kisha airembe elementi hiyo. Mashine yenyewe huzitofautisha nodi hizi kwa nambari: ukiiuliza nodi aina yake kupitia nodeType, elementi hujibu 1 na nodi ya matini hujibu 3. Ukiuliza thamani yake kupitia nodeValue, nodi ya matini hukupa herufi zake, ilhali elementi hukujibu null, yaani hakuna kitu. Jibu hilo la pili huwashangaza wengi. Aya imejaa maneno, lakini inapoulizwa thamani yake inasema haina. Inasema kweli: maneno ni ya wanawe.

Hata hivyo mlinganisho huu una mipaka, na ni vyema tuionyeshe mapema. Katika mti wa sintaksia neno huning'inia chini ya kategoria yake. Hatuoni neno tupu likisimama bega kwa bega na KT. Katika mti wa ukurasa jambo hilo ni la kawaida. Nodi ya matini "Mtoto" na elementi em ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti nyingine ni nafasi kati ya maneno, ambayo mwanasintaksia haihesabu lakini DOM huihesabu kama herufi nyingine yoyote.

Kuhusu istilahi

Tumetumia "nodi" badala ya "kifundo" kwa makusudi. Kifundo ni neno zuri na lenye asili yetu, nalo linaufaa mti wa sintaksia kwa sababu linatupa picha ya mahali tawi linapochipuka. Lakini nodi ya matini haichipuzi chochote, na kuiita kifundo ni kumtayarishia msomaji kosa. Neno "matini" nalo lina tatizo lake. Sisi katika fasihi na uchanganuzi wa matini tumezoea kulitumia kwa maana ya kazi nzima yenye mshikamano na muwala. Matini ya DOM haina dai hilo. Inaweza kuwa herufi moja, nukta peke yake, au nafasi tupu isiyoonekana na jicho. Tumelikubali neno kwa kuwa halijapatikana bora zaidi, ila msomaji aliweke akilini hivyo.

Nafasi tupu inayozaliwa kimyakimya

Tuseme mwanafunzi ameandika orodha ya tanzu za fasihi simulizi, na kwa nidhamu ya uandishi akaweka kila kipengele katika mstari wake:

<ul>
  <li>hekaya</li>
  <li>hurafa</li>
  <li>visasili</li>
</ul>

Anapoandika orodha.childNodes.length, akitarajia 3, anapata 7. Elementi za li ni tatu kweli, lakini kabla ya ya kwanza, baina yao, na baada ya ya mwisho pana mapumziko ya mistari na nafasi, na kila pengo limekuwa nodi ya matini. Hivyo basi orodha.firstChild, yaani mwana wa kwanza wa orodha, si "hekaya" bali ni nafasi tupu. Mwanafunzi akijaribu kumpaka rangi mwana huyo, programu itakwama kwa kosa, kwa kuwa nodi ya matini haina mtindo wa kubadilishwa.

Zamani jambo hili lilitatiza zaidi. Internet Explorer, kabla ya toleo lake la 9 la mwaka 2011, ilikuwa ikizitupa nodi za nafasi tupu, ilhali vivinjari vya ukoo wa Mozilla vilizihifadhi. Msimbo uleule ukahesabu 3 kwenye mashine moja na 7 kwenye nyingine. Leo vivinjari vinakubaliana, na njia nyepesi ipo: children huorodhesha elementi pekee, na firstElementChild humrukia mwana wa kwanza aliye elementi. Anayetaka elementi aziulize hizo. Anayetaka maandishi atumie childNodes, huku akijua nini atakachokutana nacho.

Njia tatu za kubadilisha neno

Turejee kwenye mkasa wetu wa herufi kubwa. Mstari uliotumika ulikuwa kama ifuatavyo:

aya.textContent = aya.textContent.replace(/kiswahili/g, "Kiswahili");

Ukiisoma textContent ya elementi, unapewa maandishi ya vizazi vyake vyote yakiwa yameunganishwa: "Mtoto mdogo analia." Hapo hakuna ubaya. Ubaya uko katika kuiandika. Kuiandika textContent ni kuwaondoa wana wote wa elementi, wa matini na wa elementi sawia, na kuweka mahali pao nodi moja tu ya matini. Em ilifutwa pamoja na ndugu zake, na herufi zake zikarudishwa bila yake. Ndiyo maana italiki zilipotea bila ya neno hata moja kupotea, na ndiyo maana ukaguzi wa haraka haukugundua lolote.

Mwandishi alipopata nakala ya akiba aliigeukia njia ya pili, innerHTML. Hii hutoa maudhui ya elementi yakiwa ni mfuatano wa herufi pamoja na lebo zake. Italiki zilisalimika. Lakini safari hii viungo vilikufa. Kulikuwa na kiungo kilichoandikwa hivi:

<a href="istilahi-za-kiswahili.html">orodha ya istilahi</a>

Kwa innerHTML, lebo, sifa na maandishi ni herufi tu zilizopangwa mstari mmoja. Hapana kinachotofautisha neno analosoma mtu na anwani inayosomwa na mashine. Programu ikaibadilisha anwani ikawa istilahi-za-Kiswahili.html, na kwa kuwa seva ile ilitofautisha herufi kubwa na ndogo, faili halikupatikana. Fauka ya hayo, innerHTML huuvunja mti uliopo na kujenga mpya. Vitufe vya kusikiliza matamshi vilivyokuwa vimeunganishwa na programu viliendelea kuonekana, lakini ukivibonyeza havikutoa sauti. Vilikuwa vitufe vingine vyenye sura ileile.

Njia ya tatu ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza: kuupitia mti na kuzigusa nodi za matini peke yake.

var mpitaji = document.createTreeWalker(makala, NodeFilter.SHOW_TEXT);
while (mpitaji.nextNode()) {
  var nodi = mpitaji.currentNode;
  nodi.nodeValue = nodi.nodeValue.replace(/kiswahili/g, "Kiswahili");
}

Mpitaji huyu hutembea kutoka nodi moja ya matini hadi nyingine, na kila anapofika hubadilisha herufi za nodi ile tu. Elementi hazimhusu. Em inabaki ilipokuwa, anwani ya kiungo haiguswi kwa kuwa ni sifa ya elementi wala si nodi ya matini chini yake, na vitufe ni vilevile vya awali. Tahadhari moja inahitajika: msimbo na mitindo iliyoandikwa ndani ya ukurasa, yaani yaliyomo katika elementi za script na style, nayo huhifadhiwa kama nodi za matini. Kwa hiyo mpitaji aanzie kwenye elementi ya makala yenyewe, asianzie kileleni mwa hati.

Swali la lini "kiswahili" liandikwe kwa herufi ndogo, kama vile katika "amevaa kiswahili" ambapo ni kielezi cha namna, hakuna mpitaji awezaye kulijibu. Hapo anahitajika mtu aliyesoma sarufi.

Alama ya etimolojia iliyomeza neno

Mfano mwingine unawahusu hasa wanaoshughulikia leksikografia. Katika kuonyesha asili ya neno tumezoea alama ya < kwa maana ya "limetoka kwa". Mwandalizi wa kamusi anaweza kuwa na maelezo haya katika hifadhi yake:

kitabu <kitab, Kiarabu

Akiyaingiza katika ukurasa kwa innerHTML, msomaji wa kamusi ataona "kitabu" peke yake. Kivinjari kimeiona < ikifuatwa na herufi, kikachukulia kwamba lebo inaanza, kikaendelea kuisubiri alama ya kuifunga, na isipokuja kikayatupa yote yaliyofuata. Asili ya neno imemezwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Lakini akiyaunda kwa document.createTextNode, au kuyaweka kwa textContent, herufi zote huonekana kama zilivyo. Hii ni kwa sababu nodi ya matini haina uwezo wa kuwa lebo. Chochote kilichomo ndani yake ni herufi, hata kikifanana na lebo nukta kwa nukta.

Sifa hiyo ina manufaa makubwa zaidi ya kamusi. Ukurasa unaopokea maandishi kutoka kwa watu wasiojulikana, mathalani sanduku la wasomaji kupendekeza istilahi, ukiyaonyesha kwa innerHTML unampa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kupenyeza msimbo utakaotekelezwa katika kompyuta za wengine. Maandishi yale yale yakiwekwa kama nodi ya matini yanabaki kuwa ya kusomwa tu.

Neno lililokatwa

Limebaki tatizo moja, nalo huwapata wanamofolojia kuliko watu wengine. Tukitaka kukoleza kiambishi cha njeo katika kitenzi huandika hivi:

a<b>li</b>soma

Kwa jicho la msomaji hilo ni neno moja. Hata akilitafuta kwa kidirisha cha utafutaji cha kivinjari atalipata, kwa sababu kivinjari huunganisha maandishi yaliyo katika mstari mmoja. Lakini katika mti hakuna nodi yenye neno "alisoma". Kuna nodi tatu: "a" na "soma" zilizo wana wa aya, na "li" iliyo mwana wa b. Programu inayotafuta "alisoma" katika kila nodi ya matini itapita kwenye zote tatu bila ya kuliona. Mipaka ya nodi haifuati mipaka ya maneno, inafuata lebo.

Hata tukiiondoa b na kuirejesha "li" baina ya nduguze, nodi zitabaki tatu zilizopangana, ingawa skrini haitaonyesha tofauti yoyote. Ili ziwe moja tena huna budi kumwita mzazi wao kwa amri ya normalize, ambayo huunganisha nodi za matini zilizo jirani na kuziondoa zilizo tupu. Kinyume chake ni splitText, inayoikata nodi ya matini mahali utakapotaja. Kwa amri hiyo mwanafunzi anaweza kuichukua nodi nzima ya "alisoma", kuikata baada ya herufi ya kwanza na tena baada ya herufi mbili zinazofuata, kisha kuifunika sehemu ya kati kwa elementi. Uchanganuzi wa mofimu unafanyika ndani ya mti wenyewe, na hakuna herufi inayoandikwa upya.

Ule mkusanyiko wa makala hatimaye ulipitishwa kwa njia ya tatu na kurudishwa kwa mhariri. Alilikuta "kiswahili" moja limebaki na herufi ndogo, katika makala yaliyohusu viambishi vya ngeli. Mwanafunzi aliyeyaandika alikuwa ameikoleza "ki" ya mwanzo ili ionekane, kwa hiyo neno lilikuwa nodi mbili, na mpitaji alikuwa ameziona zote mbili asitambue chochote. Mhariri aliibadilisha k kwa mkono.